Leo Usikimbie: Jinsi ya Kujua Siku ya Kupumzika Kabla Mguu Haujakuamulia

Mfupa wangu wa muundi haukupasuka siku moja. Ulichukua kama wiki tatu, na kila asubuhi ulinipa taarifa. Wiki ya kwanza ulikuwa unauma nikishamaliza kukimbia. Wiki ya pili ukaanza kuuma tangu naanza. Ya tatu nikawa nauchua usiku kwa dawa ya kupaka huku nikijiambia ni msuli tu, utazoea. Mbio za Moshi, yaani Kilimanjaro Marathon, zilikuwa zimebaki mwezi mmoja, ada nimeshalipa, tiketi ya basi nimeshakata, na kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu anarusha kilomita zake. Nani apumzike? Jumamosi moja nikapiga kilomita 24, na Jumapili nikashindwa kukanyaga chini kwenda chooni. Daktari alibonyeza mahali pamoja kwa kidole kimoja, nikaruka. Ufa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wanazungumzia miundi, lakini ukuta niliujenga: wiki nane bila kukimbia, na Kilimanjaro Marathon nikaitazama kwenye simu za wenzangu.

Utaratibu huu ndio ninaoufuata tangu siku hiyo, na ndio ninaowapa wapya kwenye kundi letu, ambao wamekuwa wengi tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025. Umesimama juu ya jambo moja: uamuzi wa kupumzika usifanyike barabarani. Mtu akishavaa raba na kukutana na wenzake saa kumi na moja alfajiri, akili yake inageuka wakili wa mbio. Itatetea kila maumivu. Uamuzi ufanyike nyumbani, kwa sheria ulizojiwekea siku ambayo ulikuwa umetulia na huna cha kuthibitisha kwa mtu.

Hatua ya 1: Panga siku za kupumzika kwanza, mbio baadaye

Chukua kalenda. Kabla hujaandika kilomita yoyote, piga mstari kwenye siku ambazo hutakimbia. Kwa anayeanza, kukimbia siku tatu au nne kwa wiki kunatosha, na siku mbili ngumu zisifuatane. Kila wiki ya nne punguza jumla ya kilomita kwa robo hivi au theluthi, hata kama unajisikia simba. Hasa kama unajisikia simba.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ukiielewa hutahitaji kusukumwa. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki chache utaona huhemi tena pale ulipokuwa unahema. Kano na mifupa huchukua miezi. Tena mfupa una tabia yake: ukiupa kazi mpya, mwili hutangulia kuondoa sehemu iliyochoka, ndipo unaweka mpya iliyo imara zaidi. Ni kama fundi anayebadilisha mabati. Lazima aezue kwanza, na mvua ikinyesha siku hiyo mnalowa. Kwa wiki kadhaa mfupa unakuwa umeezuliwa na haujaezekwa, na ndicho kipindi ambacho mapafu yanakuambia "ongeza." Wengi huumia hapo, wiki ya tano, ya sita, ya saba, mazoezi yakiwa ndiyo yamenoga.

Kuna kanuni maarufu ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Ichukue kama kipimo cha mkono, si cha rula. Anayekimbia kilomita 10 kwa wiki haumii kwa kuongeza mbili, na anayekimbia 60 hawezi kuendelea kuongeza sita kila wiki milele. Ninachokiogopa zaidi ni mruko wa siku moja. Mbio yako ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 12, halafu Jumamosi kundi linakwenda 21 na wewe unajiunga kwa sababu wamesema watakwenda polepole. Hawatakwenda polepole.

Wale tunaowaonea wivu hawaishi hivyo. Kule Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, kwenye mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, mbio zao nyepesi ni nyepesi kiasi kwamba mgeni anaweza kufuatana nao kwa muda akashangaa kama kweli hawa ndio mabingwa. Mchana wanalala. Jumapili wengi hawakimbii. Kukimbia ndiyo kazi yao, kwa hiyo kupumzika nako ni kazi. Wewe ukitoka kukimbia unasimama kwenye daladala kutoka Mbagala saa nzima, unakaa ofisini saa nane, unarudi tena umesimama. Hayo yote mwili unayaandika kwenye daftari lilelile.

Hatua ya 2: Dakika mbili kitandani

Ukiamka, kabla hujashika simu, weka vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba au pembeni ya koo, uhesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili na utajua kawaida yako. Yangu ni 56 hadi 58. Ikizidi kawaida kwa saba au zaidi, siku hiyo natembea tu au nakimbia polepole sana. Ikirudia asubuhi ya pili, sikimbii.

Usijisumbue sana kutafuta sababu. Mbio za Moshi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mazoezi makubwa yanaangukia Desemba, Januari na Februari, miezi ambayo Dar ni tanuri. Unalala vibaya, feni inazungusha joto, umeme nao una mambo yake. Mapigo yatapanda. Kwamba sababu ni joto na wala si mazoezi hakubadilishi kitu: mwili haujapumzika.

Jiulize pia maswali mawili: nimelala kwa saa ngapi, na wazo la kukimbia linanipa hamu au kichefuchefu? Uvivu wa siku moja ni uvivu. Kukosa hamu siku tatu au nne mfululizo, ukawa unamfokea kila mtu nyumbani, chakula hakipandi, na usiku usingizi haushuki ingawa umechoka, huo ni uchovu uliolimbikizana. Chukua siku tatu nzima, kula, lala.

Halafu homa. Hapa sina maelewano. Ukiwa na homa hukimbii, hata kilomita moja, hata kama mtu amekuambia ukaitoe kwa jasho. Mafua ya puani tu, bila homa na bila kifua kubana, unaweza kujikongoja. Lakini homa, kikohozi cha kifuani, tumbo kuharisha au mwili mzima kuuma ni siku za kulala, kwa sababu virusi vingine hushambulia msuli wa moyo na mazoezi makali yanazidisha hatari. Sisi wa huku tuna jambo jingine la kuangalia: viungo kuuma na uchovu usioelezeka vinafanana sana na "jana nilikimbia sana." Nimeona mtu akibeba malaria siku nne akidhani ni miguu ya Jumamosi. Kapime. Kipimo cha haraka hakichukui hata nusu saa. Na ukishatibiwa usirudi pale ulipoachia, maana malaria hula chembe nyekundu za damu. Wiki mbili baadaye bado unaweza kuhema kwenye kimlima ambacho ulikuwa hukioni.

Hatua ya 3: Hatua kumi za kwanza, pekupeku

Tembea kutoka kitandani hadi bafuni bila ndala, na usikilize. Asubuhi mguu hausemi uongo, kwa sababu bado haujapata joto.

Kisigino kikichoma kwa chini kwenye hatua za kwanza kisha kikapoa ukitembea, ni utando wa unyayo umeanza kuchoka. Nyuma ya kisigino kukiwa kugumu, ukatembea kama mzee kwa dakika kadhaa, ni ile kano nene inayounga shavu la mguu na kisigino. Hizo mbili zina ujanja mmoja: zikipata joto zinanyamaza, unakimbia vizuri kabisa, halafu kesho asubuhi zinadai na riba. Kwa hiyo kipimo chake ni asubuhi inayofuata, wala si wakati wa kukimbia. Goti linalouma kwa mbele ukishuka ngazi, au ukikaa muda mrefu kwenye kiti, linasema mapaja na nyonga vimezidiwa. Linalouma upande wa nje, kila mara likianzia kilomita ileile, hasa kwenye mteremko, lina kano ya pembeni iliyokasirika.

Kisha kuna jaribio langu la kienyeji: kiganja au kidole? Jionyeshe panapouma. Ukipaonyesha kwa kiganja kizima, "huku kote," na miguu yote miwili inauma, mara nyingi ni misuli iliyofanya kazi. Itauma zaidi siku ya pili au ya tatu na kisha itapoa. Ukipaonyesha kwa ncha ya kidole, mguu mmoja, na pakibonyezwa ni juu ya mfupa, acha. Ruka mara moja tu kwa mguu huo. Ukichoma palepale, mazoezi yamesimama mpaka uonane na daktari. Ukiuma ukiwa umelala usiku, hata usiruke, nenda.

Mimi nilikuwa na vyote vitatu, kidole, mruko na usiku, na bado nikakimbia kilomita 24.

Hatua ya 4: Kilomita ya kwanza, na nauli mfukoni

Umepita vipimo vya nyumbani, umetoka. Kilomita ya kwanza nenda polepole kiasi cha kumsimulia mwenzako habari ya jana sentensi nzima bila kukatika. Kisha yape maumivu namba, sifuri hadi kumi. Mbili au tatu zinazotulia kadiri unavyopata joto, endelea ukiangalia. Nne kwenda juu, geuka. Namba inayopanda kila kilomita, hata kama ilianzia moja, geuka. Na ukianza kukanyaga tofauti, ukitupa mguu kwa nje au ukiegemea upande, hapo hakuna namba tena: unaanza kutembea, kwa sababu kuchechemea kunahamisha mzigo na kesho utakuwa na majeraha mawili.

Ushauri wenye faida kubwa kuliko wote kwenye mwongozo huu unagharimu shilingi elfu tatu. Weka nauli ya bodaboda ndani ya soksi au mfuko wa kaptula. Watu wengi hawaumii kwa ujinga. Wanaumia kwa sababu maumivu yamewakuta Coco Beach na nyumbani ni Mwananyamala, na njia pekee ya kurudi ni miguu ileile. Mwenye nauli anasimama mapema. Siku ambayo una mashaka, zunguka mizunguko mifupi karibu na nyumbani badala ya kwenda moja kwa moja hadi Daraja la Tanzanite na kurudi.

Hapa wazee wa kundi letu huwa wananiletea habari ya John Stephen Akhwari. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968: alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Namheshimu kama Mtanzania yeyote anavyomheshimu. Lakini Akhwari alikuwa kwenye Olimpiki, amevaa jina la nchi. Wewe ni Jumanne, uko Sinza, umevaa fulana ya kampeni. Kama unataka mfano wa upande wa pili, Agosti 2024 Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa 2016 na 2021, aliacha mbio za marathoni Paris njiani kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Kwenye Olimpiki yenyewe.

Hatua ya 5: Usizime kengele

Usimeze dawa ya maumivu ili ukakimbie. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua dukani kama pipi, zinazima kengele huku moto unaendelea kuwaka. Na kuna ubaya wa zaidi: ukikimbia umepungukiwa maji kwenye joto la Februari ukiwa umemeza hizo, figo ndizo zinazobeba mzigo. Sindano ya siku moja kabla ya mbio ni wazo baya zaidi, na bado kila mwaka kuna mtu anaiulizia.

Kuchua nako kuna wakati wake. Kifundo kilichoteguka leo, kimevimba, kina joto, hakikandwi kwa maji ya moto wala kuchuliwa kwa nguvu, hata kama bibi ana mkono mwepesi. Siku mbili tatu za mwanzo ni kukiinua, kukifunga bendeji isiyobana sana, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi kupunguza maumivu. Kuchua na joto vije baadaye uvimbe ukishashuka. Huwezi kukanyaga hatua nne? Nenda ukapigwe picha.

Jambo moja kuhusu picha hizo. Eksirei ya wiki ya kwanza inaweza isionyeshe ufa mdogo wa mfupa. Mara nyingi huonekana baada ya wiki mbili au tatu, mwili ukishaanza kuuziba. Kwa hiyo "picha ni safi" haina maana kwamba mfupa ni mzima, ikiwa kidole bado kinaupata mahali palepale. Niliambiwa picha ni safi mara ya kwanza, nikafurahi kama mtoto.

Hatua ya 6: Siku ngapi?

Misuli iliyokaza, siku moja hadi tatu. Muundi unaouma kwa urefu upande wa ndani, wiki moja au mbili za kupunguza sana na kuhamia lami kidogo, vumbi zaidi. Kano, usiipumzishe kabisa kwa miezi. Punguza, kisha iimarishe kwa kupanda na kushuka kwa ncha za vidole ukiwa kwenye ngazi, taratibu. Mfupa wenye ufa ni wiki sita hadi nane kwa kawaida, na sehemu nyingine kama nyonga ni hatari zaidi, hizo ni za daktari tu.

Hofu ya kupoteza pumzi imewaumiza wengi kuliko mashimo ya barabarani. Siku saba bila kukimbia hazikuondolei kitu utakachokiona. Wiki mbili zinapunguza kidogo, na zinarudi haraka. Kama kuna baiskeli au bahari na hapaumi, tumia.

Na kabla hujarudi, tafuta kilichokuumiza. Angalia raba. Wengi wetu tunanunua mitumba, hata mimi, na si kosa. Lakini iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, aliyeivaa kabla yako amekuachia mwendo wake. Ikunje katikati: sponji iliyokufa hujikunja kama kandambili. Raba mpya hudumu kilomita 500 hadi 800 hivi, na ya mtumba hujui imeshatembea ngapi. Angalia pia kama unakimbia upande uleule wa barabara kila siku, maana lami imeinama kuelekea mtaroni na mguu mmoja unakuwa mfupi. Angalia chakula. Mwanamke ambaye hedhi imepotea miezi mitatu tangu aongeze mazoezi, na si mjamzito, mwili wake umeanza kubana matumizi, na mifupa ni ya kwanza kukatwa bajeti; hilo ni la hospitali, wala si la kushukuru kwamba usumbufu umepungua. Kwa wanaofunga Ramadhani, mbio nyepesi karibu na magharibi au baada ya kufuturu zinatosha. Mwezi huo si wa kuongeza kilomita.

Hatua ya 7: Kurudi

Tembea kwa kasi dakika 30. Ukimaliza bila maumivu, na asubuhi inayofuata hakuna kitu, ndipo anza: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Siku inayofuata usikimbie. Kisha mbili kwa mbili, tatu kwa moja, kila mara ukiruka siku, kila mara ukisubiri hukumu ya asubuhi. Ongeza muda kwanza. Kasi na milima viwe vya mwisho. Mteremko hasa, maana ndio unaogonga magoti na mapaja, na njia ya Moshi ina kupanda kuelekea Mweka halafu ina kushuka kulekule ulikopanda. Sisi wa Dar tunakwenda Pugu kutafuta vilima, na tukifika tunashuka kwa fujo kwa sababu tumefurahi.

Kilomita ulizokosa zimekwenda. Usizilipe. Mbio ndefu ya Jumamosi uliyoikosa usiibebe hadi Jumapili, wala usiigawe kwenye siku za katikati ya wiki kama deni la Vikoba. Endelea na siku ya leo kama ilivyo kwenye kalenda. Na kama zimebaki wiki tatu na mbio yako ndefu kuliko zote ni kilomita 15, shuka kutoka 42 kwenda 21, na uwaambie watu mapema kabla hawajakuuliza.

Mwaka uliofuata nilikwenda Moshi kukimbia nusu. Kwenye mpando wa Mweka nilianza kuhisi kitu kwenye muundi uleule, mbili kwenye kumi. Nikatembea mita mia mbili hivi nikiubonyeza. Kilikuwa kiganja, hakikuwa kidole. Nikaendelea. Elfu tatu ilikuwa kwenye soksi, imelowa jasho, na jioni nilinunulia ndizi.